Kadi za Mhandisi Hazisahau

Jumatatu, tarehe 4 Februari

Shemeji,

Kabla hujasoma, kaa kwanza. Umekaa? Haya. Ndani ya bahasha hii kuna memori kadi, haizidi stempu kwa ukubwa, nimeifunga nailoni juu ya nailoni. Kadi hiyo imeniua. Barua hii unaandikiwa na maiti, kwa hiyo mwandiko usiushangae.

Najua utauliza kwa nini nisipige simu kama watu. Simu nimeizima. Kila nikiiwasha inatukana. Ndugu wa Nesi wananitukana kwa zamu: asubuhi wajomba, mchana mashangazi, jioni vijana ambao hata matusi yenyewe bado hawajayakomaza. Kwa hiyo tutaandikiana, na kondakta wa basi la asubuhi ataleta na kurudisha. Nimeshamwambia wewe ni fundi wa simu na kompyuta wa kuogopwa, ukikasirika unaweza kulizima basi likiwa linatembea.

Sasa sikia. Mimi unanijua. Nimepiga picha mabalozi, nimepiga picha mabondia wakilia, nimefanya kazi melini nikalala bandari ambazo majina yake yanauma ulimi. Katika mji huu, ukitaka picha ambayo hata adui yako ataitamani, unakuja kwangu. Sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu hakuna mwingine wa kulisema.

Nesi wa zahanati, yule aliyekuchoma sindano ulipokuja kututembelea, aliolewa Jumamosi ya tarehe 19. Gauni lake alilishona baba yake, mzee fundi cherehani, na macho yenyewe yalishaanza kumkimbia. Nikapiga picha kutwa. Mzee akimfunga binti vifungo vya mgongoni. Mzee akimshika mkono. Mzee akicheza, Shemeji, magoti yanalia na yeye anacheza. Sijawahi kupiga kitu kizuri kama kile.

Kadi niliinunua kwa Mhandisi, mwenye duka la vifaa vya umeme linalotazamana na studio yangu. Unamkumbuka, uhandisi wake wote ni kubadilisha betri za saa. Akaniambia, "Hii ni giga mia na ishirini na nane, spidi mia na sabini, stika ya dhahabu. Hii ni ya mabingwa, bingwa." Mtu akiniita bingwa akili inanitoka kidogo, wala siyo siri.

Jumatatu nafungua kwenye kompyuta. Majina ya picha yapo yote. Ukiifungua picha yenyewe, kijivu. Kijivu tupu, kama bati. Jumanne mzee akajilaza baada ya kula, hakuamka. Jumatano Nesi kasimama mlangoni kwangu na nguo nyeusi, anataka picha moja tu ya baba yake na lile gauni.

Nikamwambia ukweli. Hakulia. Aliniangalia mimi, akaiangalia kamera, akaondoka. Afadhali angenipiga.

Nikavuka barabara mpaka kwa Mhandisi, nikamwambia mbele ya wateja wake. Akacheka. "Kadi haina kosa, ndugu yangu. Kosa ni la mkono." Kesho yake kile kipaza sauti chake cha dukani, kinachopiga kelele tangu asubuhi, kikabadilishwa maneno. Sasa kinasema: "Kadi za Mhandisi hazisahau. Anayesahau ni mpiga picha." Kutwa, Shemeji. Mdomo wake umeelekezwa mlangoni kwangu. Mteja anakuja, anasikia, anatabasamu, anapita.

Niokolee hizo picha. Ukishaziokoa, nifundishe kuchagua kadi inayoaminika na yenye mbio za kweli, maana sitaki kuitwa bingwa tena na mtu yeyote. Halafu Mhandisi niachie mimi. Fidia sitaki. Nataka alie mbele za watu, tena kwa makamasi.

Msalimie kaka.

Shemejio,
Jicho la Tai


Ijumaa, tarehe 8 Februari

Shemeji Jicho,

Pole. Nimeanza na pole kwa sababu nikishaimaliza nitakusema.

Kadi yako siyo mbovu. Ni feki, na hivyo ni vitu viwili. Mbovu imezaliwa nzima ikaugua. Feki imezaliwa mwizi. Nimeijaza mpaka ukingoni kisha nikaisoma, nikakuta ndani mna giga nane tu. Zilizobaki ni maneno. Kuna mtu ameichezea akili, kamera ikiiuliza ina nafasi gani inajibu mia na ishirini na nane bila kupepesa. Ifikirie kama nyumba ya wageni yenye chumba kimoja na funguo kumi na sita. Mgeni wa kwanza analala vizuri. Wa pili anapokelewa, anaandikwa jina, anapewa ufunguo, anaelekezwa ndani, na hakuna anayemwona tena. Ndiyo maana majina yapo na wenyewe hawapo.

Nilizopata ni za chumba cha kwanza. Viatu vya bibi harusi. Chupa ya manukato. Bibi harusi anapakwa poda. Viatu tena, kutoka juu. Viatu kwa mbali. Shemeji, vile viatu vilikukosea nini? Mzee hayumo. Nimetafuta kwa kila dawa niliyo nayo, na nakwambia kama fundi: hakupotea, hakuwahi kuingia. Usimwambie Nesi kwamba bado tunatafuta. Huo utakuwa ukatili wa pili.

Haya, kukusema. Ile mia na sabini iliyokulevya, hata kwenye kadi halali ni spidi ya kusoma, yaani kuzitoa picha kwenda kwenye kompyuta ukiwa umekaa na chai yako. Spidi ya kuandika ndiyo unayoihitaji mtu anapocheka ghafla na wewe umebonyeza, na hiyo hawaiandiki kwa herufi kubwa kwa sababu ni ndogo. Tafuta kiherufi V chenye thelathini pembeni, au zaidi. Ile ni ahadi kwamba hata ikichoka haitashuka chini ya hapo. Kumbuka hivi: wewe umeumbwa kinyume na kadi. Kadi inasoma mbio na kuandika polepole. Wewe unaandika mbio, ila kusoma unakokota kama mtu anayevuta kitanda. Ungelisoma lile boksi mpaka chini ungeona jina la kampuni limekosewa herufi.

Na kamera yako ina matundu mawili ya kadi. La pili umelifanya nini, stoo ya vumbi? Jaza yote mawili, kila picha iandikwe mara mbili, kadi moja ikifa nyingine ibaki kusimulia. Kadi mpya, hata ukipewa na mimi, ijaze kwanza nyumbani, isome yote, ndipo uipeleke kwenye harusi ya mtu.

Hayo makamasi ya Mhandisi, mimi simo. Mimi ni fundi.

Kaka yako anasema washa simu.

Shemejio


Jumatano, tarehe 13 Februari

Shemeji,

Barua yako nimeisoma yote, mara mbili, na kidole chini ya maneno. Ukinikuta navaa miwani ujue ni wewe.

Sasa shika meza. Mhandisi amekuja studio. Ameingia kwa miguu yake, kidevu juu, kama mtu anayekagua choo cha shule. Anamwoza binti yake tarehe 2 Machi, na binti amemwambia wazi: picha ni za Jicho la Tai au harusi isogezwe. Nilimpiga picha alipomaliza shule, hajanisahau. Mtoto ana macho. Sijui kayatoa kwa nani.

Baba mtu akaniambia, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Mimi nikatabasamu. Moyoni nikasema, ndwele ninayo bado, tena nimeikunja vizuri mfukoni, naitafutia mgonjwa.

Mpango huu hapa. Jioni ya harusi kutakuwa na kioo kikubwa ukumbini, picha za mchana zionyeshwe kwa wageni. Nitapiga kwa kadi yake yeye, ile ile ya dhahabu. Nitampa mkononi, aichomeke mwenyewe. Viatu vitatoka safi. Baada ya viatu, kijivu. Kijivu mbele ya wakwe zake, mbele ya bosi wake wa mkopo, mbele ya kila aliyecheka. Mla cha mwenzie na chake huliwa.

Usinune, najua unanuna. Binti hana kosa. Kwenye tundu la pili nitaweka kadi yako halali, na baba akishalia mpaka akauke nitampa binti picha zake zote, bure, na albamu juu. Mimi siyo mnyama. Mimi ni mtu aliyechukizwa.

Kwa hiyo nirudishie ile feki, na niuzie mbili za kweli. Nakusihi kwa jina la kaka yangu unayemlisha.

Jicho


Jumatatu, tarehe 18 Februari

Shemeji,

Nimefikiri, na sina neno. Kadi yako ya dhahabu hii hapa. Ile haina haja ya kupimwa tena, mimi nimeshaipima, usiichoshe. Hizi nyingine mbili nyeusi ni halali, zina V na tisini yake, nimezijaza na kuzisoma mwenyewe. Moja weka tundu la pili. Nyingine iwe akiba, na akiba haikai kwenye mfuko wa suruali pamoja na funguo. Zifute ndani ya kamera yenyewe kabla ya kuanza kazi, siyo kwenye kompyuta.

Umpige binti wa watu picha nzuri. Viatu vitatu vinatosha.

Shemejio


Jumapili, tarehe 3 Machi

Shemeji,

Hii dunia haina adabu.

Jana ukumbini nilivaa suti. Nikampa Mhandisi kadi yake, stika inang'aa. Halafu, kwa kuwa mimi ni mimi, nikaona kumwaibisha kimya kimya ni kupoteza chakula. Nikachukua maikrofoni. Nikasema, kwa sauti yangu ile ya melini: "Mabibi na mabwana, picha mtakazoziona zimehifadhiwa kwenye kadi ya duka la Mhandisi mwenyewe, baba wa bibi harusi. Kwa lolote mtakaloliona, mshukuruni yeye."

Nikakaa. Nikakunja mikono. Nikangoja kijivu.

Viatu, safi. Poda, safi. Nikasema moyoni, sasa hivi. Bibi harusi anatoka mlangoni, safi. Pete, safi. Wakwe, safi, mpaka jino la mkwe mmoja lenye dhahabu unaliona. Ukumbi unapiga vigelegele. Picha ya mwisho imetoka na jasho la mpiga ngoma unaweza kulihesabu. Shemeji, zilikuwa picha za kuua mtu. Mimi ni hatari. Lakini nani alizisifu zangu? Mhandisi alisimama, akanipokonya maikrofoni, akasema, "Mmemsikia mwenyewe kwa kinywa chake. Kadi haina kosa. Kosa lilikuwa la mkono, na sasa mkono umejifunza." Wakacheka watu mia tatu. Nesi alikuwepo. Hakucheka. Aliinuka akaondoka.

Leo Jumapili duka lake limefunguliwa, na foleni imefika kwa muuza magodoro. Kipaza sauti kimepata maneno mapya. Kinatumia sauti yangu. Mtu alinirekodi kwa simu. Nimekaa studio kwangu, najisikia mwenyewe kutoka ng'ambo ya barabara: "Mshukuruni yeye. Mshukuruni yeye."

Nieleze. Ile feki ilijigeuza vipi? Au niliota?

Jicho (la kuku)


Alhamisi, tarehe 7 Machi

Shemeji,

Hukuota. Niliibandua stika ya dhahabu kwenye ile feki nikaibandika kwenye kadi halali, ya tatu, kwa gharama yangu. Ile feki iko hapa mezani, naitumia kuzuia karatasi zisipeperuke.

Sikukwambia kwa sababu ungebisha kwa kurasa sita. Binti anaolewa mara moja. Hata ungempa picha kesho yake, ile jioni angeikumbuka kijivu maisha yake yote. Harusi ya mtoto siyo uwanja wa ngumi. Nilitaka uende, upige picha nzuri, urudi nyumbani na hasira zako, tuzitafutie mahali pengine. Nani alikutuma ushike maikrofoni? Mimi nilibadilisha stika, mdomo sikuweza kuubadilisha.

Kwa hilo sikuombi radhi. Ila nisikilize, kuna jambo limebadilika.

Jumanne alikuja mama mmoja na mtoto mgongoni, kasafiri na basi hilo hilo linalobeba barua zetu. Alikuwa na kadi ya Mhandisi. Alikuwa ameweka humo picha za mwanawe wa kwanza, yule aliyefariki, tangu kuzaliwa mpaka kutambaa. Akaniambia, "Dada, nimesikia wewe unafufua." Nikaichomeka. Chumba kimoja, funguo kumi na sita. Nilimpa mtoto akiwa wa wiki moja. Kutambaa sikumpa. Alinishukuru, Shemeji. Alinishika mikono akanishukuru kwa ile wiki moja, na mimi nikashindwa hata kumwambia karibu tena.

Nilisema simo. Sasa nimo, tena mpaka shingoni.

Usiende kumtukana. Usishike maikrofoni. Fanya kitu kigumu kuliko vyote kwako: msifu mtu mwingine. Nenda dukani kwake, mbele ya wateja, umwambie ukweli mtupu, kwamba ile kadi ya harusi ilifanya kazi kama ndoto. Halafu muulize, kwa upole, kama dukani kuna kubwa zaidi ya ile, ya kubebea harusi nzima, na picha, na video, na wakwe. Muulize kama yeye mwenyewe angeiamini. Basi. Usiongeze neno. Mhandisi ni kama wewe, akisifiwa akili inamtoka kidogo.

Na kadi nyeusi ya tundu la pili usiifute. Ilalie.

Mtu anayeuza uongo yuko salama mpaka siku atakapoununua.

Shemejio


Alhamisi, tarehe 14 Machi

Kwa: Mmiliki, Studio ya Picha
(mkabala na duka langu)

YAH: OMBI LA NAKALA YA PICHA ZA HARUSI

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kufuatia mazungumzo yetu mazuri dukani wiki iliyopita, na kwa lengo la kuwaonyesha wateja uwezo wa bidhaa, nilihamisha picha na video zote za harusi ya binti yangu kwenye kadi ya giga mia tano na kumi na mbili, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote dukani. Zoezi lilikwenda vizuri na majina yote yalionekana. Baada ya hapo ile kadi ya dhahabu niliifuta, nikaiuza kwa mteja aliyeing'ang'ania kwa sababu ya sifa zake. Mteja huyo alikuwa msafiri na sikumwuliza anakokwenda.

Jana binti yangu na mumewe walikuja kuangalia picha. Hali niliyoikuta unaifahamu.

Nasema kama mtu mzima kwa mtu mzima. Ule mzigo ulipoingia dukani nilikuwa na wasiwasi nao, bei ilikuwa ndogo mno, na nilipouuza nilijua ninauza nini. Lakini ile ya harusi ilipofanya kazi mbele ya macho yangu, niliona labda nilimsingizia bure aliyeniletea. Nikauamini.

Binti yangu hajanisemesha tangu jana. Mama yake ananipa chakula bila kuniangalia.

Nimesikia kamera yako ina matundu mawili. Kama unayo nakala, taja sharti lako. Naomba jambo hili libaki kati yetu.

Wako katika biashara,
Mhandisi


Ijumaa, tarehe 15 Machi

YAH: YAH YAKO

Mhandisi,

Nakala ninayo. Kamili, mpaka jino la mkwe.

Fedha zako kaa nazo. Na usidhani nitamnyima binti yako, huyo hana deni na mimi. Picha atazipata Jumamosi ijayo, hata ukikataa kila kitu. Tofauti iko hapa tu. Ukikubali sharti langu, nitakupa wewe, umpelekee mwenyewe, uwe baba. Ukikataa, nitampa mimi mkononi, na akiniuliza kwa nini baba yake hana, nitamjibu. Unanijua nikianza kujibu.

Sharti: uzime kile kipaza sauti. Kadi zote za ule mzigo uziondoe dukani. Halafu uende kwa Nesi, siyo dukani, nyumbani kwake, mbele ya wajomba na mashangazi wote walionitukana, useme kwa kinywa chako kwamba uliniuzia kadi feki na ulijua. Hayo maneno mawili ya mwisho yaseme polepole. Mimi nitakuwepo. Nitavaa suti.

Hakuna la kubaki kati yetu. Na wewe sina cha kati.

Jicho la Tai


Jumapili, tarehe 24 Machi

Shemeji,

Jana Mhandisi alisema.

Nilifika mapema, nikakaa kiti cha mbele kama mtu anayengoja taarabu. Wajomba wamejaa, mashangazi wamejaa, vijana wamebanana dirishani. Nesi alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazi, maana leo yuko zamu, na hakuacha. Mhandisi akasimama katikati ya chumba. Akasema yote. Akafika pale pa "na nilijua", sauti ikamkatika, machozi yakatoka, na makamasi, Shemeji, kama nilivyoagiza. Shangazi mmoja akasonya sonyo ambayo nadhani umeisikia huko. Mjomba mkubwa akanigeukia akaniambia, "Mwanangu, tulikukosea." Jina langu likarudi pale pale, nililisikia likikaa mahali pake.

Miezi yote hii nilikuwa nimejiandalia maneno ya kusema saa ile. Nilikuwa na hotuba. Ilikuwa na vichekesho.

Nesi akaisimamisha pasi. Akasema, "Mmemaliza?"

Mhandisi akasema ndiyo. Mimi nikasema ndiyo.

"Basi nyinyi mmemalizana," akasema. "Mimi bado."

Akanigeukia mimi, siyo Mhandisi. "Siku ile uliwakataza wageni wangu wasinyanyue simu. Ulisimama juu ya kiti. Ulisema simu zao zitakuharibia kazi. Kuna watu hawakukusikiliza, niliwaona. Watafuteni." Nikamwambia nitaanza kesho asubuhi. Akasema, "Nimesema watafuteni. Wote wawili, pamoja, kila nyumba iliyopewa mwaliko. Namtaka baba yangu. Na mkigombana njiani nitasikia." Akarudi kwenye pasi yake.

Nimekaa na mabondia, Shemeji, nimekaa na manahodha. Sijawahi kumwogopa mtu kama yule mwanamke na pasi yake.

Kwa hiyo leo tangu asubuhi natembea na Mhandisi. Tunagonga milango. Mimi nabeba kompyuta, yeye anabeba waya. Tunaweka kwenye kadi yako nyeusi ya akiba, na ndiyo, niliijaza na kuisoma kwanza, usinitazame hivyo. Watu wanatufungulia, wanatuona sisi wawili tumesimama pamoja, wanaita majirani waje waone. Kila nyumba Mhandisi anaulizwa, "Kadi hiyo ni ya kwako?" na kila nyumba anajibu, "Hapana, ni ya mtu mwaminifu." Sikumfundisha mimi. Aliulizwa nyumba ya kwanza akajibu hivyo, nikamwambia jibu zuri, endelea nalo.

Tumepata kiwiko cha mzee. Tumepata kisogo chake. Tumepata mzee anakula, mdomo umejaa, anamnyooshea mtu kidole. Halafu kwa mpishi aliyepika siku ile tukapata moja, imepigwa kutoka dirisha la jikoni, kioo kina mafuta, dole gumba limeingia pembeni. Bibi harusi amesimama nyuma ya ukumbi. Pindo la gauni lilikuwa limefumuka. Mzee kapiga magoti, sindano ipo mdomoni, pindo lenyewe lipo pajani kwake, na binti kamwekea mkono kichwani ili asianguke. Ni picha mbaya kuliko zote nilizowahi kuziona. Mimi na mabalozi wangu sijawahi kupiga kama ile.

Mpishi alisema hata hakumbuki alibonyeza saa ngapi.

Mhandisi akasema, "Hiyo usiifute." Nikamwambia, "Nani kakwambia nafuta?" Hayo ndiyo maongezi yetu ya siku nzima. Usidhani tumepatana. Duka lake limefungwa, kipaza sauti kimenyamaza, binti yake kapata picha zake, na mimi bado nikimtazama kisogo damu inanichemka. Yule mama wa kwako, wa mtoto anayetambaa, niandikie anakaa wapi. Hapo napo tutagonga, na hapo atasema peke yake.

Simu nimeiwasha, mwambie kaka. Barua nakuandikia kwa sababu naimalizia kwenye baraza la watu, na Mhandisi yuko hapa ananisikiliza. Tumebakiza mtaa mmoja mrefu na mvua imeanza. Mwavuli upo mmoja, ni wangu, ule mkubwa wa kufunika kamera, unatosha watu wawili na mtoto. Yeye atatembea nyuma yangu, nje ya mwavuli. Na mimi leo goti linaniuma, nitatembea polepole.

Shemejio,
Jicho